Taa ya korido ilikuwa inatunza rekodi ya nani kaamka saa ngapi: nilivyoizima rekodi hiyo

Dalili: programu ya taa kwenye simu ilionyesha kila aliyepita koridoni, hadi sekunde. 02:14:37 mwendo, 02:16:40 kimya. Yeyote mwenye nywila ya programu hiyo aliisoma, na data ilikaa kwenye seva ya mbali.

Kufuta historia hakukusaidia, ilijaa upya. Kukifungia kihisi cha mwendo cha taa hiyo intaneti kwenye ruta kuliua na taa, maana amri ya kuwaka ilipitia seva hiyohiyo.

Kilichofaa: kihisi na balbu za Zigbee (mawasiliano ya redio yasiyohitaji intaneti), pamoja na kipokezi cha USB kwenye kompyuta ndogo yenye Home Assistant, programu ya kuendesha vifaa vya nyumbani humohumo nyumbani. Kipokezi kiunge kwa waya wa kurefusha. Mlango wa USB 3 huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz, ambayo Zigbee huyatumia.

Wengi huishia hapo. Kumbe Home Assistant nayo hutunza historia ya siku 10. Kwenye configuration.yaml (faili la mipangilio yake), ndani ya recorder (sehemu inayotunza historia), exclude, entities, niliandika binary_sensor.korido, jina la kihisi, ili kisirekodiwe. Bado! Balbu ikiwaka saa nane usiku inasema yaleyale. Ongeza light.korido (balbu) na automation.korido (kanuni inayoiwasha), anzisha upya mfumo, kisha endesha amri ya kufuta historia, recorder.purge_entities, kwa zote tatu, kwani exclude haigusi yaliyokwisha kuandikwa.