Semina ya utafiti ije kabla ya dodoso kuingia mtaani

Semina nyingi za afya ya jamii vyuoni huitishwa kazi ikiwa imekwisha. Mwanafunzi wa uzamili amekusanya takwimu, amechambua, bado kutetea tasnifu tu, ndipo anasimama mbele ya projekta. Mtaalamu wa takwimu akimuuliza kwa nini sampuli ni watu 385, hakuna tena cha kurekebisha. Ataongeza sentensi moja kwenye sehemu ya mapungufu, basi.

Wakati hasa wa semina ni kabla pendekezo halijaenda kamati ya maadili. Kibali kikishatoka, kubadilisha sampuli au dodoso ni kuomba marekebisho na kusubiri tena, iwe ni kamati ya chuo, ya taifa chini ya NIMR (taasisi ya utafiti wa tiba ya Tanzania), au ZAHREC, kamati ya maadili ya utafiti wa afya ya Zanzibar. Kenya kuna leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, juu ya kibali cha maadili. Huko kote, swali la dakika 2 semina linaweza kukuokolea miezi.

Tuchukue pendekezo la kupima shinikizo la damu kwa madereva bodaboda wa Dar es Salaam. Ile 385 inatoka kwenye hesabu inayonakiliwa tasnifu hadi tasnifu: 1.96 × 1.96 × 0.5 × 0.5, ugawe kwa 0.05 × 0.05. Hapo 1.96 ni ya uhakika wa asilimia 95, 0.5 ni makisio ya sehemu ya watu wenye tatizo, 0.05 ni kosa linaloruhusiwa. Unapata 384.16, unapandisha. Hesabu ni sahihi, ila inachukulia kwamba kila dereva amechaguliwa peke yake kwa unasibu. Uwanjani haiwi hivyo: mtafiti anachagua vijiwe, kisha madereva 11 kila kijiwe. Madereva wa kijiwe kimoja wanakula kwa mama lishe mmoja na kufanya kazi saa zinazofanana, kwa hiyo wa kumi na moja hakuongezei habari mpya kama aliyetoka kijiwe kingine. Kufanana huko ndani ya kijiwe kukikadiriwa kuwa 0.05, kizidisho ni 1 + (11 − 1) × 0.05, yaani 1.5. Sampuli inapanda hadi 578.

Bado kuna watakaokataa. Wengi huongeza asilimia 10 na kupata 636. Lakini wakikataa asilimia 10 ya hao 636, unabaki na 572, umepungukiwa. Gawa 578 kwa 0.9: unahitaji 643, sawa na vijiwe 59. Bajeti ya vijiwe 35 vya ile 385 haitoshi, na ni nafuu kulijua hilo mezani kuliko Mbagala nauli ikiwa imekwisha. Na kama lengo halisi ni kulinganisha madereva wa mchana na wa usiku, hesabu yote hiyo si yake. Kuna nyingine ya kulinganisha makundi mawili.

Muuguzi akiwapo chumbani atauliza la upimaji. Dereva ameshuka kwenye pikipiki sasa hivi, amekunywa kahawa au amevuta sigara: amepumzika dakika ngapi kabla ya kupimwa? STEPS, utaratibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa kuchunguza magonjwa yasiyoambukiza, unataka akae kwa utulivu dakika 15, apimwe mara 3 kwa kupishana dakika 3, kisha uchukue wastani wa kipimo cha pili na cha tatu. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba, kwa hiyo beba saizi zaidi ya moja. Ukijumlisha, kila mtu anakula karibu nusu saa. Dereva gani ataacha abiria muda huo, saa 1 asubuhi? Swali hilo hubadilisha ratiba nzima ya kazi.

Ili maswali ya namna hii yatoke, tuma kurasa 2 za pendekezo na dodoso lenyewe siku 5 kabla. Kwa semina ya saa moja, mtoa mada apewe dakika 20 tu: swali la utafiti, walengwa, sampuli, vipimo, mpango wa uchambuzi. Asitumie dakika 12 kueleza ukubwa wa tatizo duniani, waliokuja wanajua. Mwenyekiti aanze na wanafunzi, maprofesa wamalizie, kwa sababu profesa akishasema, wa mwaka wa kwanza hapingi. Na yule wa "mimi sina swali, nina mchango tu" apewe dakika 1, saa ikitazamwa.

Siku nayo ichaguliwe kwa akili. Asubuhi madaktari wanapitia wodi, jioni foleni, Ijumaa kuanzia saa 6 hadi saa 8 mchana wengine wako msikitini. Jumatano saa 7:30 mchana huwa haina ugomvi. Chai na sambusa zinatosha. Posho ikianza, ikikosekana ukumbi unabaki mtupu.

Kwa walio mtandaoni, kinachoharibika ni sauti. Kipaza sauti cha laptop kinamchukua aliye karibu, swali la nyuma ya ukumbi halifiki. Mwenyekiti alirudie kabla halijajibiwa. Laptop ya pili chumbani izimwe kipaza na spika, la sivyo ni mwangwi. Umeme ukikatika laptop inaendelea lakini ruta inazima, kwa hiyo iunganishwe kwenye UPS, betri ya akiba.

Kabla ya kurekodi, omba ridhaa ya waliopo, na kagua slaidi. Ramani yenye nukta ya kila nyumba ya mgonjwa inamtambulisha hata bila jina. Onyesha kata badala yake. Jedwali lenye "mwanamke 1, miaka 62, mtaa fulani" nalo liondolewe.

Katibu aandike safu 3: hoja, ukurasa unaohusika, nani atarekebisha na lini. Mtoa mada na msimamizi wake waipate siku hiyohiyo. Kama sampuli au kipimo kikuu kimebadilika, pendekezo lirudi mezani kwa dakika 15 semina ijayo, ndipo liende kamati.