Bunduki ya kukunja ya risasi moja: kaliba kwanza, chapa baadaye

Mradi wenyewe ni mdogo: kupata bunduki moja ya kuwindia, ya kukunja, ya risasi moja, kwa bajeti ya mtu asiye na haraka. Kibali kimeshatoka, kwa hiyo kilichobaki ni kuamua. Naandika hapa kadiri mambo yanavyokwenda.

Kwa nini ya kukunja

Unabonyeza komeo, mtutu unainama kwenye bawaba, unatia risasi kwa vidole, unafunga. Hakuna magazini (kisanduku cha risasi za akiba) wala bolti (kipande cha chuma kinachosogezwa mbele na nyuma kufunga chemba, yaani mahali risasi inapokaa), na unafuu wa bei unatokana na hapo hapo. Kwa kuwa hakuna nafasi inayoliwa na bolti, bunduki inakuwa fupi kwa karibu sentimita 10 kuliko ya bolti yenye mtutu wa urefu uleule, na kichakani hizo sentimita 10 unazisikia. La tatu ni usalama. Ukiikunja, mwenzako aliye kando anaona wazi kwamba chemba ni tupu, hahitaji kukuuliza.

Hasara inajulikana: risasi ya pili haiji haraka. Anayeona hilo ni tatizo, aina hii haimfai.

Kaliba: hapa ndipo nilipokaa sana

Kaliba ni aina ya risasi ambayo bunduki inapokea, na hutajwa kwa namba. Wengi huanza na swali la nguvu: .308 inaangusha nini, .243 inafika wapi. Mimi nimeanza na komeo. Bunduki inapolia, ganda linasukuma nyuma kwa nguvu inayotokana na vitu viwili, shinikizo la baruti na upana wa kitako cha ganda. Kwenye bolti, msukumo huo unapokewa na meno mazito ya chuma. Kwenye bunduki ya kukunja unaishia kwenye komeo na pini ya bawaba.

Nikachukua karatasi nikapiga hesabu. Kikomo cha shinikizo cha .308 Winchester ni psi 62,000 (pauni kwa inchi ya mraba), na kitako cha ganda lake kina upana wa karibu milimita 12. .30-30 Winchester inaishia psi 42,000, na ganda lake lina karibu milimita 10.7 juu kidogo ya ukingo. Ukizidisha, msukumo wa .30-30 ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ule wa .308. Viwanda vinatengeneza .308 za kukunja na zinahimili vizuri, sibishi. Ila kwa bunduki ya bei nafuu, tena huenda imeshapita mikononi mwa watu, napenda chuma kibaki na akiba.

Kisha kuna ukingo wa ganda. .30-30, .45-70 na .357 Magnum zina ukingo uliochomoza kitakoni. Ganda linakaa kwa ukingo huo, na kivuta ganda kinaunasa bila shida. .243, .308 na .223 hazina ukingo uliochomoza, zina mfereji tu. Humo kivuta ganda lazima kiwe na kijino chenye springi kinachojipenyeza mferejini. Kijino kikichafuka, ganda linabaki chemba na unaanza kutafuta ufito wa kulisukumia nje. Wajerumani waliliona hili mapema, ndiyo maana 7x57 ina pacha wake mwenye ukingo, 7x57R, kwa ajili ya bunduki za kukunja.

La mwisho ni teke, yaani bunduki inavyorudi begani inapolia. Nilikadiria bunduki ya kilo 3.2: .223 inarudisha karibu jouli 5, .243 karibu 12, .30-30 karibu 14, .308 karibu 22. Ile .45-70 ya mwaka 1873 ina shinikizo dogo, psi 28,000, lakini risasi yake ni nzito mno, na kwenye bunduki nyepesi bega litalipa. Niliifuta bila majuto.

.243 ndiyo iliyonisumbua. Teke lake ni dogo, na mwendo wa risasi umenyooka hadi mbali. Ningekuwa nawinda uwanda wazi, mjadala ungeishia hapo. Lakini mahali ninapowinda miti haikuruhusu kuona mbele zaidi ya mita 120, na kwa umbali huo .30-30 inatosha kabisa kwa mnyama wa kilo 60 au 70.

Kuna jambo moja linalosahaulika. .30-30 ilitoka mwaka 1895 kwa bunduki za wenzo, ambazo risasi zinapangana ndani ya bomba, ncha ikigusa fataki (kifuniko kidogo kinachowasha baruti) ya iliyo mbele yake. Kwa hiyo ilibidi ncha ziwe butu. Bunduki ya risasi moja haina bomba, hivyo anayejaza risasi zake mwenyewe anaweza kutumia ncha kali zinazokata hewa vizuri zaidi.

Nimeamua: .30-30.

Chapa

Hapa sikukaa. Henry walianza kutoa za risasi moja mwaka 2017, imara na nzuri, ila bei yao inapanda kwa sababu ya urembo. CVA Scout ni nyepesi. Baikal ya Urusi ni ngumu kama jembe. Mimi niliangukia H&R Handi-Rifle iliyotumika. Uzalishaji wake ulikoma mwaka 2015, kwa hiyo vipuri ni vya kutafuta. Wanunuzi wajue kuna mwili wa SB1 wa bunduki za marisau (vijirisasi vidogo vingi) na SB2 ulioimarishwa kwa kaliba kama hii. Tena usinunue mtutu peke yake ukadhani utaingia tu: kila mtutu ulipimwa kiwandani na mwili wake.

Ukaguzi

Kwanza, chemba tupu, hakikisha mara mbili. Halafu toa mbao ya mbele, ile iliyo chini ya mtutu, kwa sababu ndiyo inayoficha ulegevu. Funga bunduki, shika mtutu kwa mkono mmoja na kitako kwa mwingine, jaribu kuitikisa kando na juu chini. Hii haikucheza hata kidogo. Nikaitazama dhidi ya dirisha: hakuna mwanga uliopenya kati ya mtutu na mwili. Mifuo ndani ya mtutu, ile inayozungusha risasi, ilikuwa mikali, na kutu kidogo ilikuwa nje tu, chini ya mbao.

Shabaha, mita 100

Risasi za kwanza zilikaa pamoja, kisha mtutu ulipopata moto zikaanza kupanda. Mbao ya mbele imefungwa kwa skrubu moja tu, moja kwa moja kwenye mtutu, hivyo inavyobanwa ndivyo mtutu unavyotetemeka. Dawa wanayoitumia wenye Handi-Rifle ni kuweka oringi ya mpira kwenye kishikizo cha skrubu, ili mbao isigandamize chuma. Niliweka, nikakaza skrubu kwa kipimo kilekile kila mara, na nikawa naacha mtutu upoe kati ya risasi. Mpando umepungua sana.

Triga bado nzito. Sitaigusa mwenyewe, maana springi ya nyundo ikilegezwa ovyo fataki haipigwi sawasawa. Itakwenda kwa fundi bunduki mwenye leseni msimu ukiisha. Kwa sasa nalinganisha risasi za gramu 9.7 na za gramu 11, na za 9.7 ndizo zinazokaribiana zaidi kwenye karatasi.