Turubai lilikuwa linanitonea usiku bila mvua: nilivyolitatua tatizo hilo

Usiku tatu za baridi mfululizo niliamka mfuko wa kulalia umelowa juu, miguuni hasa, na mbingu nyeupe kwa nyota. Nikadhani turubai linavuja. Nikapaka nta kwenye mishono, wapi. Nikanunua kubwa zaidi, mita 3 kwa 4, nikalishusha hadi chini pande zote ili joto lisitoke. Hapo ndipo nikaoga kabisa.

Asubuhi ile nilipitisha kidole upande wa ndani: matone madogo madogo, nje pakavu. Kumbe maji yalikuwa yangu mwenyewe, mvuke wa pumzi unaogeuka matone ukigusa kitambaa baridi.

Nikarudia turubai langu la zamani la mita 3 kwa 3. Kwanza nilihama bondeni, maana hewa baridi hutuama huko, nikapanda mteremkoni kidogo chini ya miti. Nikafunga upande mmoja wa nyuma chini, karibu na ardhi, ukiupa upepo mgongo, na wa mbele nikauinua usawa wa kiuno. Kisha jambo dogo lililomaliza kazi: ule ukingo wa nyuma niliuachia nafasi ya vidole vinne kutoka ardhini. Hewa inapenya chini, inatoka mbele na mvuke wake. Kichwa nilikielekeza kwenye uwazi.

Baridi ya chini niliizuia kwa mikeka miwili ya sponji. Nimelala hivyo usiku mbili sasa, mfuko mkavu.