Mpaka wa Singapore Ulioanzia Embakasi

Mkenya anayekwenda Singapore kutembea haombi viza. Hilo nililijua tangu mdogo wangu aende, na ndilo lililonifanya nizembee. Nilikata tiketi ya kwenda tu, ya kurudi nikasema nitaitafuta hukohuko bei ikishuka. Pasipoti ilikuwa bado na zaidi ya miezi 6. Nikaona nimemaliza.

JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi ulioko Embakasi, saa nne usiku, binti wa kaunta akaipekua pasipoti, akaniangalia. "Mama, tiketi ya kurudi?" Sina. "Ya kuendelea nchi nyingine?" Sina. Akalishusha begi langu kutoka kwenye mizani. Hakunikaripia. Alinieleza taratibu kwamba nikikataliwa kule, ndege iliyonipeleka ndiyo itakayonirudisha kwa gharama yake, kwa hiyo hawezi kunipa pasi ya kupanda. Kumbe mpaka wa Singapore unaanzia Embakasi!

Nikasimama kando ya foleni nikimpigia mdogo wangu anitumie pesa. Tiketi ya kurudi nikainunua palepale, kwa bei ambayo mwezi mmoja nyuma ingenitosha kwenda na kurudi. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Cheti cha homa ya manjano nilikuwa nacho, kimekunjwa mara nne hadi karatasi inaachana kwenye mikunjo. Nilichanjwa 2017, na tangu 2016 cheti hicho ni cha maisha. Bila hicho, mtu anayetoka Kenya anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6.

Ikabaki fomu ya kuwasili, SG Arrival Card, inayojazwa mtandaoni ndani ya siku 3 kabla ya kufika. Nikasema nimeijaza, nimelipia dola 60. Kijana wa nyuma yangu akashtuka. "Mama, hiyo ni bure." Akanionyesha tovuti ya ICA, idara yao ya uhamiaji. Mimi niliingia ile ya kwanza niliyoiona, yenye bendera juu. Nikajaza upya nimeketi juu ya begi, vidole vinatetemeka.

Changi, uwanja wao wa ndege, nilipita kwa dakika chache. Pasipoti haikugongwa muhuri. Ruhusa yangu ya siku 30 ilikuja kwa barua pepe. Nilikaa siku 6, kwenye chumba ambacho begi likifunguliwa mlango haufunguki, na bei yake siitaji.

Usiku wa mwisho niliwafikiria wageni wetu. Januari 2024 Kenya iliondoa viza kwa wageni wote, na mimi nilijivuna. Lakini wengi wao wanapaswa kuomba eTA, kibali cha mtandaoni, kabla ya kusafiri, na kuilipia dola 30 hivi za Marekani. Sikuwahi kumfikiria mama wa kwao aliyeketi juu ya begi, akiwa ameshalipa tovuti ya uongo.

Mwenyeji wangu wa Singapore anataka kuja Maasai Mara mwezi Agosti. Kabla sijapanda ndege nilimtumia anwani halisi ya eTA aangalie kama inamhusu, nikamsihi asiingie nyingine yoyote.