Mafundo kwenye mizizi ya mipapai yangu

Mwaka jana, katika shamba langu dogo la Igombe, kando ya Ziwa Victoria, mipapai ilikuwa ikinyauka kila saa sita mchana na kuinuka tena jioni, ingawa nilivuta maji ya ziwa kwa pampu kila baada ya siku mbili na udongo ulikuwa na unyevu wa kutosha. Niliongeza mbolea, nikanunua dawa ya ukungu, na fedha iliteketea bila mpapai hata mmoja kupata nafuu. Asubuhi moja mzee jirani yangu, aliyelima pamba kwa miaka mingi, alisimama kando ya tuta na kuniambia, “Mwanangu, majani umeyatazama vya kutosha. Ng'oa mmoja.”

Tuling'oa. Mizizi ilikuwa imevimba kama tangawizi, ikiwa na mafundo ya ukubwa wa punje ya choroko hadi karanga, na ile midogo ya kunyonya maji ilikuwa imekwisha kabisa. Nilisugua fundo moja kwa kidole nikidhani litabanduka kama vinundu vya mizizi ya kunde, lakini halikubanduka, kwa maana ni mzizi wenyewe uliovimba. Nilipolipasua kwa wembe na kuligeuzia juani niliona vitone vyeupe vinavyong'aa, vidogo kuliko kichwa cha pini. Hao ndio majike.

Huyo ni mnyoo fundo, ambaye wataalamu humwita Meloidogyne. Mtoto wake, asiyeonekana kwa macho, hupenya karibu na ncha ya mzizi, hutulia mahali pamoja na kuufanya mmea utengeneze seli kubwa kupita kiasi ambazo humlisha maisha yake yote. Jike hutaga mamia ya mayai ndani ya ute, na katika udongo wenye joto kama wetu kizazi kimoja hukamilika kwa takriban wiki 4. Spishi zinazosumbua zaidi nchi za joto huzaliana bila dume, hivyo mmoja tu anatosha kuanzisha ukoo. Udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, humfaa sana, na kwa kuwa haushiki maji, mmea wenye mizizi mibovu huteseka upesi.

Hata hivyo mnyoo huyu hawezi kusafiri mbali kwa nguvu zake. Hubebwa na udongo ulioganda kwenye jembe, buti au mche. Nilikwenda kuchana viriba, yaani mifuko ya miche, vichache vilivyobaki tangu siku ya kupanda, na mafundo yalikuwamo. Miche niliinunua kwenye kitalu ambacho, kama nilivyoelezwa baadaye, udongo wake ulichotwa kwenye tuta la zamani la nyanya, na muuzaji hakulijua hilo, sawa na mimi. Kosa langu kubwa zaidi lilikuwa kupanda nyanya na matikiti katikati ya mipapai, yaani kumwongezea mnyoo chakula anachokipenda mno.

Mpapai uliokwisha kujaa mafundo hauponi. Niliing'oa yote na kuichoma pamoja na mizizi, wala sikuitupa kwenye mboji. Nusu ya shamba nimepanda marejea, mmea wa mbolea ya kijani usiomlisha mnyoo huyu, na udongo wa kitalu changu naulowanisha, naufunika kwa plastiki angavu na kuuacha juani wiki 6. Kwa muuzaji wa miche, siku hizi naomba kuchana kiriba kimoja na kuosha mizizi kabla ya kulipa, akikataa, naondoka.

Kisha nilichota udongo kutoka kona nne za shamba, nikaotesha matango katika makopo manne ili kuona kama mnyoo yumo. Baada ya wiki 6 niliosha mizizi katika beseni: makopo matatu yalikuwa na mafundo, na moja, la kona ya juu penye majabali ambako sikuwahi kulima nyanya, mizizi yake ilikuwa myeupe na laini kuanzia shinani hadi nchani. Hapo ndipo nitakapopanda mipapai mvua za vuli zikianza, na jembe la kona hiyo nimelitenga.