Povu

Mwaka huu mada ya maji magumu niliianza kwa kuaibika mbele ya wanafunzi 64.

Nafundisha kemia Kidato cha Tatu, sekondari ya kata, upande wa Bahi, Dodoma. Huku mada hii haitaki utangulizi. Maji ya kisima kirefu cha kijiji ukichemshia chai, birika linaota ukoko mweupe ndani. Ukifulia, sabuni inakatika kama maziwa yaliyolala, povu hulioni. Miaka yote nimekuwa naandika ubaoni aina za ugumu, sababu zake na namna ya kuuondoa. Wananakili, kengele inalia, tunaagana. Safari hii nikawaambia kila mwenye chupa aje na maji ya kwao, na swali letu ni moja tu: maji ya nani yanakula sabuni zaidi?

Ilikuwa Machi, mvua bado zipo. Wakaja na maji yaliyokingwa kwenye bati, maji ya visima vya kuchimba kwenye mchanga wa korongo, na ya kisima kirefu. Nikakoroga sabuni ya unga, wakatia, wakatikisa. Povu. Kila chupa, povu tele, hata ya kisima. Andalio langu la somo lilikuwa limeshaandikwa matokeo mengine kabisa.

“Madamu, mbona yote sawa?”

Nikababaika. Aliyeniokoa ni binti mmoja ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono: “Mama huwa anagombana na sabuni ya mche. Ya unga hainaga shida.”

Hilo nililisoma chuoni, nikalisahau dukani. Sabuni ya mche inatokana na mafuta. Kalsiamu na magnesiamu zilizomo majini zinaishika na kuigeuza utando usioyeyuka, na mpaka zishibe ndipo povu linapata nafasi. Sabuni ya unga imetengenezwa kwa kemikali nyingine ambazo hazishikwi kirahisi hivyo. Sikuwaeleza siku hiyo. Niliuma ulimi, nikawaambia basi kesho tulete ya mche.

Kesho yake tukakwangua kipande, tukakiyeyusha kwenye maji ya mvua, kila kundi likapewa bomba la sindano la duka la dawa, sindano yenyewe nimeitoa. Kazi ni kuhesabu matone mpaka povu lisimame. Hapo ukazuka ugomvi ambao sikuutarajia: povu “kusimama” ni nini? Kundi moja lilihesabu mapovu mawili matatu pembeni likasema tayari. Wengine wakataka lijae mpaka shingoni mwa chupa. Wakabishana nusu kipindi, kwa Kiswahili na Kigogo, huku kitabu cha Kiingereza kimefunikwa. Mwisho wakakubaliana: povu lifunike uso wote wa maji, na lisipasuke mtu akihesabu moja hadi thelathini. Kipimo chao wenyewe. Mtihani wa vitendo huwa unawapa kipimo kimeshapikwa, kwa hiyo hawajawahi kujua kwamba kuna mtu alikaa akakiamua.

Maji ya mvua yakachukua matone 4. Ya korongoni 11. Ya kisima kirefu 38.

Tukachemsha. Kitabu kinasema kuchemsha kunaondoa ugumu wa muda, na mimi moyoni nilishajipangia kwamba ya kisima yatashuka vizuri. Ya korongoni yalishuka mpaka 6. Ya kisima yakabaki 36, na kundi la nyuma, waliosahau sufuria jikoni wakipiga soga, wakapata 49.

Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema “mmekosea, rudieni”. Nikamkumbuka Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu kama hawa wangu, shule ya Magamba kule Lushoto, aliweka mchanganyiko wa aiskrimu kwenye friza ukiwa bado wa moto, ukaganda kabla ya wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Alipomuuliza mwalimu wake akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mwanafizikia Denis Osborne aliyetoka chuo kikuu Dar es Salaam. Wenzake darasani wakacheka, ila Osborne akaenda kulijaribu, na mwaka 1969 wakachapisha. Wanasayansi bado wanabishania jambo hilo. Mimi sikutaka kuwa yule mwalimu wa kwanza.

Nikauliza tu: sufuria ilikuwa imejaa kiasi gani? Wakatazamana. Kijana mmoja akasema polepole, “Maji yamepungua, chumvi haijapungua.”

Nilikaa kwenye kiti. Ugumu wa kudumu, ule usioondoka kwa kuchemsha, ndio huo, kautamka bila kujua jina lake. Jina nikampa baada ya hapo, na likaingia.

Sisemi kila mada iende hivi. Mole, kipimo chetu cha kemia cha kuhesabia chembe, sitawaacha waigundue, ile nawaandikia ubaoni na mifano kumi. Na mwalimu wa taaluma alipita dirishani mara mbili kuangalia kelele, kisha akaniuliza ofisini nimefika wapi kwenye silabasi. Niko nyuma wiki mbili. Tangu mtaala wa 2005 tunaambiwa tufundishe kwa kujenga umahiri wa mwanafunzi, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza ofisini kama wanafunzi wamebishana. Sina jibu zuri la hizo wiki mbili. Nimeomba vipindi vya Jumamosi.

Kilichonichelewesha zaidi ni majivu. Nilipouliza kisima kirefu tufanyeje, nilitegemea watataja magadi, maana kila nyumba yanakaa jikoni kwa ajili ya mlenda, na ni kweli magadi yanalainisha maji. Yule binti wa kwanza akasema bibi yake hutia majivu kwenye ndoo, anaacha yatuame usiku, asubuhi anafulia maji ya juu. Wengine wakabisha kwamba majivu ni majivu tu, ni uchafu. Nikawaambia leteni.

Alhamisi nilikuta mezani makopo saba: majivu ya mkaa, ya kuni za mgunga, ya mabua ya mtama, na moja halijulikani limetoka wapi. Kopo la mwisho limebandikwa karatasi: “Ya bibi. Madamu usimwage.”