Kabla ya kuchomeka gari la umeme nyumbani Tanga

Pasi ikishapata moto hujikata yenyewe, ikapumzika. Gari la umeme huvuta mkondo uleule kwa muda wa saa 8 hadi 10 mfululizo, na soketi iliyolegea kidogo haihimili hilo. Kwa nyumba za karibu na bahari, Raskazone na Chumbageni kwa mfano, ongeza chumvi ya hewani inayokula skrubu ndani ya soketi. Kutu huleta ukinzani, ukinzani huleta joto, na joto huzidi kulegeza skrubu. Soketi ya amp 13 kwa kawaida huanza kuungua tundu la kulia ukiitazama: huko ndiko kwenye laivu, waya unaoleta umeme, na fyuzi ya plagi nayo inatoa joto lake. Plastiki hugeuka rangi ya chai kabla hujasikia harufu. Ukiona hivyo, usiitumie tena hata kwa feni.

Anza kwa hesabu. Hita ya maji ya kilowati 3 inakula amp 13, kiyoyozi cha BTU 12,000 kama 5, pampu ya hospawa 1 kama 5. Weka chaja ya amp 32, umefika 55, na kama mein switchi ni ya 60, jiko la umeme halina pa kukaa. Shusha chaja hadi amp 16, au chaji kuanzia saa 5 usiku hita ikiwa imezimwa.

Pia tazama gari lenyewe linapokea kiasi gani. Nissan Leaf za mwanzo zinazotoka Japani zikiwa zimetumika hupokea kilowati 3 na ushee tu, kwa hiyo chaja ya kilowati 7.4 (ndiyo ile ya amp 32) haitaziharakisha. Hatari kubwa ni kebo iliyokuja nayo: ni ya volti 200 na amp 15, na plagi yake haiingii kwenye soketi zetu. Wengi huikata wakafunga plagi ya amp 13. Tafadhali usifanye hivyo. Nunua kebo ya volti 230 inayoweza kuwekwa amp 10, au fungiwa chaja ya ukutani.

Chaja ya ukutani iwe na laini yake peke yake kutoka kwenye bodi ya breka, bila kiungo njiani. Kwa amp 32 weka breka ya 40 na waya wa shaba wa milimita 10 za mraba. Fundi atakwambia 6 unatosha. Ndani ya paipu, kwa nyuzi joto 30, unabeba kama amp 41, sawa. Lakini ukipita juu ya dari, chini ya bati, joto likafika nyuzi 50, uwezo huo unashuka hadi kama 29.

RCCB, kifaa kinachokata umeme unapovuja, iwe ya miliamp 30, inayokata laivu na nyutro kwa pamoja. Ile ya aina AC haifai, maana umeme wa DC, ule kama wa betri, ukivuja kutoka kwenye gari huipofusha isikate. Kama chaja ina kinga yake ya miliamp 6 za DC, aina A inatosha; kama haina, nunua aina B ingawa bei yake inauma.

Ethi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja, ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Kipande cha nondo kilichopigiliwa mchangani kinaliwa na kutu, na chumvi inayomwagwa shimoni huyeyuka na mvua na kuharakisha kutu hiyo. Tumia fimbo ya ethi yenye ganda la shaba na klampu ya shaba nyeusi, kisha ipimwe kwa kipimo cha ethi. Ukinzani wake ukizidi omu 200 haitegemewi. Ongeza fimbo nyingine kwa umbali wa mita 3, moja baada ya nyingine, mpaka ishuke hadi omu 20 au chini ya hapo. Ardhi ya mchanga hukauka kiangazi, basi pima wakati huo na si masika.

Kazi yote ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Siku ya kwanza, chaji kwa muda wa saa moja, zima breka, chomoa, kisha gusa plagi na mfuniko wa breka: uvuguvugu ni kawaida, ukishindwa kuacha kiganja hapo kuna skrubu imelegea. Baada ya mwezi mmoja umeme uzimwe na fundi akaze skrubu zote upya.